Udogo wa Dunia ni Hoja ya Nini?



Siku alipobatizwa mtoto wa dada yake, kijana mmoja niliyemfundisha zamani alikaa nje chini ya mwembe mpaka Misa ikaisha. Si kwamba alichelewa. Alikuja mapema pamoja na ndugu zake, akabeba viti, akawasaidia kina mama kuteremsha masufuria ya sherehe, na kengele ilipolia akaketi pale pale chini ya mwembe. Nilikuwa nimemwona, basi tulipotoka nikamfuata. Akasimama, akaniamkia kwa heshima, "Shikamoo Mwalimu," akanipa kiti chake. Nikamwuliza, "Mwanangu, mbona hukuingia?" Akacheka kidogo akasema, "Mwalimu, wewe ndiwe uliyenitoa kanisani. Wewe na lile haragwe lako."

Kwanza sikuelewa. Haragwe lipi? Mtu aliyefundisha zaidi ya miaka thelathini amekwisha kushika mkononi maharage, visoda, vijiti na mawe mengi sana. Kisha nikakumbuka.

Mwaka 2009 nilikuwa nafundisha darasa la sita katika shule moja ya pwani hii yetu ya Nyasa. Tulifika kwenye somo la sayari. Wale mliosomea ualimu miaka yetu mtakumbuka tulivyoambiwa chuoni kwamba somo lisiloshikika mkononi halishikiki kichwani. Na hili ni somo gumu kushika. Watoto huimba majina ya sayari kama wimbo wa mchakamchaka, na ukiwauliza jua liko mbali kiasi gani hujibu kwa sauti moja, "Kilometa milioni mia moja na hamsini!" Lakini mtoto ambaye fedha nyingi kuliko zote alizopata kuona ni zile za babaye siku ya kuuza samaki, kwake milioni mia moja na hamsini ni kelele tu. Basi nikawatoa nje mchangani.

Nilichagua kipimo hiki: kila kilometa milioni moja iwe mita moja, na kila kilometa 1,000 iwe milimeta moja. Jua, ambalo kipenyo chake ni kama kilometa 1,392,000, likawa duara la mita moja na sentimeta 39. Tulipinda fito za mianzi, tukawamba kitambaa cha manjano, watoto wawili wakalishika wima mbele ya mlango wa kanisa, maana pale ndipo njia ya ufukweni inapoanzia. Dunia yetu, ambayo kwenye ikweta ina kipenyo cha kilometa 12,756, ikawa milimeta 13 kasoro kidogo. Nilikuwa nimeitafuta usiku kwa taa katika debe la maharage yaliyoletwa kutoka milimani Mbinga, nikapata haragwe moja la mviringo lililokaribia kabisa.

Tukaanza kuhesabu hatua. Hatua 58, tukaacha punje ya choroko: Utaridi. Hatua 108, haragwe jingine: Zuhura, ambayo kwa umbo ni karibu pacha wa dunia. (Majina haya hutofautiana kitabu na kitabu, na walimu tumegombana sana juu yake. Mimi hufuata yale ya zamani ya watu wa pwani ya bahari. Aliyezoea kusema Jupita badala ya Mshtarii asikasirike.) Hatua 150, nikasimama, nikamwita mtoto mmoja, nikamwekea haragwe kiganjani. "Hii ndiyo dunia. Nyasa yote, na Bahari ya Hindi, na Ulaya, na makaburi ya babu zako, vyote vimo humu." Kando yake, umbali wa rula moja na upana wa kiganja, nikaweka punje ya mtama, nayo ndiyo mwezi. Watoto walishangaa kwamba mwezi uko mbali hivyo na haragwe, kwa kuwa katika picha ya kitabu umechorwa umegusana na dunia kama kifaranga na mama yake.

Nikawaambia wageuke watazame walikotoka. Lile duara la manjano lilikuwa limekuwa dogo, na ukinyoosha mkono ukucha wa kidole cha mwisho ulilifunika lote. Ndivyo jua lilivyo machoni petu hapa duniani, wala halitofautiani na mwezi mpevu kwa upana. Katika somo zima jambo hilo ndilo nililolipenda kuliko yote, maana kipimo kikiwa cha haki, hata jicho hukubali.

Hatua 228, punje ya mbaazi: Mirihi. Kisha tukatembea, tukatembea. Mpaka hatua 778 hakuna kitu. Hapo nikaweka boga dogo la sentimeta 14: Mshtarii. Mwenye mabega mapana alikuwa amebeba balungi, tukaliweka mwisho wa ufukwe kwenye mita 1,430: Zohali. Watoto walikuwa wamechoka, jua limekuwa kali. Ndimu mbili, Uranus na Neptuni, zikabaki mfukoni mwangu. Niliwaonyesha kwa kidole tu: Uranus ingekuwa kilometa mbili na mita 870 kutoka kanisani, Neptuni kilometa nne na nusu, huko ng'ambo ya rasi. Vitabu vyetu wakati ule vilikuwa bado na sayari tisa, ingawa mwaka 2006 wataalamu wa nyota walikutana Prague wakaiondoa Pluto katika hesabu. Kwa hiyo Pluto sikuibebea kitu, na mtoto mmoja alihuzunika.

Tukiwa tumekaa kivulini niliwapa mambo mawili ya mwisho. La kwanza, nuru, ambayo hakuna kitu kinachoishinda mbio, huenda kilometa 300,000 kwa sekunde. Kwa kipimo chetu ni sentimeta 30 kila sekunde, yaani rula moja ya shule. Mtoto anayeanza kutembea angeipita. Kutoka kwenye duara la manjano mpaka kwenye haragwe, nuru huchukua dakika 8 na sekunde 20; mpaka kwenye ndimu ya mwisho, saa nne na dakika kumi. La pili, wakauliza nyota ya karibu ingekuwa wapi. Nilikuwa nimepiga hesabu usiku. Ingekuwa umbali wa kilometa 40,000. Maana yake utoke hapa, uzunguke ulimwengu mzima mara moja, ufike tena hapa kanisani kwa upande wa pili: hapo ndipo jirani yetu anapokaa.

Wakanyamaza. Mwalimu hufurahi sana darasa likinyamaza namna ile. Na kwa furaha hiyo nikasema neno ambalo halikuwamo katika andalio langu la somo. Nikasema, "Basi watoto, mnaona wenyewe. Sisi si kitu."

Hilo ndilo alilolikumbuka. Akaniambia chini ya mwembe, "Mwalimu, wiki ile tulikuwa tumemzika mdogo wangu. Nilikuwa najiuliza mambo mengi. Uliposema vile nikasema, kumbe. Kumbe ndivyo. Tokea siku ile sijaweza kusali kwa moyo." Leo ni mhasibu huko Songea, mtu mwenye adabu, asiyekunywa, anayemtunza mama yake. Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anatoa taarifa tu, kama mtu anayekurudishia jembe lako.

Ndugu wasomaji, sikulala vizuri usiku ule. Nilizirudia namba zote moja baada ya nyingine, nami nawahakikishia kwamba zilikuwa sahihi. Rula haikusema uongo. Nikajiuliza, basi ile sentensi ya mwisho niliipima kwa rula gani? Sikuona rula yoyote. Niliitoa mfukoni mwangu pamoja na zile ndimu.

Hebu tulitazame jambo hili polepole, kwa sababu naona si kijana huyu peke yake. Vijana wetu husoma habari hizi katika simu zao kila siku, na wengi hupata jibu lile lile nililolitoa mimi: dunia ni haragwe, jua ni moja katika mabilioni, basi sala za bibi yangu zinakwenda wapi?

Kwanza, hata ukubwa wenyewe si neno moja. Chukua Uranus na Neptuni. Ukiuliza ipi kubwa, Uranus yaishinda Neptuni kwa kipenyo, kwani ina kilometa 51,118 na mwenzake 49,528. Lakini ukizipima kwa uzito, Neptuni ndiyo kubwa. Au Zohali: kwa nafasi inayojaza, dunia zaidi ya 700 zingeingia ndani yake, lakini uzito wake ni wa dunia 95 tu, kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji. Ingepatikana Nyasa ya kuitosha, Zohali ingeelea juu yake kama boya. Kwa hiyo mtu akiniambia kitu fulani ni kikubwa kuliko kingine, yanipasa nimwulize, "Kwa kipimo gani?" Kwa nafasi, kwa uzito, kwa joto, kwa mwendo? Thamani sikuiona katika orodha hiyo. Juu ya Mshtarii kuna dhoruba, lile doa jekundu, ambayo peke yake ni pana kuliko dunia yetu. Imevuma kwa miaka mingi sana, wala hatujui mtu hata mmoja aliyelowa.

Pili, kuna udogo wa kitu chenyewe na kuna udogo wa machoni, na sisi huvichanganya. Mtakumbuka tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa. Kule Rujewa, Wilaya ya Mbarali, watu walikusanyika kwa maelfu kuona mwezi ukiingia katikati ya jua na kuacha pete ya moto pembeni. Huku kwetu halikuwa pete, bali liliumwa mpaka likabaki kama mwezi mwandamo, kuelekea saa sita mchana. Niliwakusanya watoto chini ya mwembe, wasitazame juu. Nikawaonyesha mchangani jinsi kila upenyo wa majani ulivyotoa picha ya jua lililoumwa, mamia ya miezi midogo imetapakaa chini, hata juu ya mashati yao. Sasa, jua kwa kipenyo ni kubwa kuliko mwezi mara 400 hivi. Punje ya mtama iliwezaje kufunika duara la mita moja na sentimeta 39? Iliweza kwa sababu mwezi uko karibu nasi karibu mara 400 zaidi. Siku ile ulikuwa umejitenga kidogo zaidi na dunia, ndiyo maana haukulitosha jua, pete ikabaki.

Jicho, ndugu zangu, hugawanya. Huchukua ukubwa wa kitu na kuugawanya kwa umbali wake, na jawabu lake hutuambia kwamba ndilo kitu chenyewe. Na moyo umejifunza tabia hiyo hiyo kwa jicho. Msiba wa nyumba ya pili ni mkubwa kama jua. Msiba wa ng'ambo ya ziwa ni punje. Sisi wa pwani hii twaijua vizuri hali ya kutazamwa kutoka mbali. Kabla Wilaya ya Nyasa haijatengwa na Mbinga mwaka 2012, na hata baadaye, mara ngapi tumesikia kwamba watu wenyewe ni wachache, wako mbali, wasubiri? Lakini hayo yana gazeti lake.

Tarehe 14 Februari 1990 chombo cha Wamarekani kiitwacho Voyager 1 kiligeuzwa nyuma kikapiga picha ya dunia kutoka umbali wa kilometa bilioni 6, yaani kilometa 6 kwa kipimo chetu cha mchangani. Katika picha ile yenye vitone 640,000, dunia haikujaza hata kitone kimoja. Picha hiyo nimeiona, na kijana wangu anayo katika simu yake. Akanionyesha akasema, "Tazama Mwalimu, hapa ndipo alipozikwa mdogo wangu." Sikuwa na la kusema palepale. Lakini baadaye nilifikiri: picha ile imesema kweli kuhusu nini? Imesema kweli kuhusu umbali wa kamera. (Chombo hicho bado kinakwenda. Kwa kipimo chetu kinatambaa mita moja na nusu kwa siku, na sasa kimefika kama kilometa 25. Tungeliweka jua Mbamba Bay, kingekuwa hakijafika nusu ya njia ya kupanda Mbinga, ambayo ni kilometa 66 hivi.)

Nawapa mfano tunaouona kila mwezi. Usiku wa giza, wavuvi wa usipa huwasha taa zao ziwani, na mtu akisimama ufukweni huona mstari wa nuru mpaka upeo wa macho. Ukiwa mgeni huwezi kupambanua ipi ni taa na ipi ni nyota inayozama. Zuhura ikiwa upande wa Malawi jioni, hung'aa kuliko taa zote. Usiku mmoja, miaka mingi iliyopita, mwera ulivuma ghafla. Nilimkuta mama mmoja amesimama majini mpaka magotini, anahesabu taa. Taa ya mumewe, alisema, ilikuwa ya nne kutoka mkono wa kulia, na sasa ya nne haipo. Machoni pake taa ile haikuwa kubwa kuliko machoni pangu. Sote wawili tulikuwa ufukwe mmoja, umbali ule ule, na kama tungepima kwa kidole tungepata jibu moja. Lakini mimi niliona mstari wa taa umepungua moja. Yeye aliona ulimwengu wake umezimika. (Mumewe alirudi kesho yake adhuhuri kwa miguu, mtumbwi umetupwa kijiji cha kusini. Nasema ili msikae na wasiwasi.)

Kijana wangu nilimweleza hayo, maana tuliendelea kuonana siku zote za likizo yake. Ni mhasibu, hakubali hesabu isiyofungwa. Akaniambia, "Mwalimu, mfano ni mzuri, lakini yule mama alimjua mumewe kabla hajapanda mtumbwini. Wewe wataka nikubali kwamba yuko anayesimama ufukweni na kutuhesabu sisi. Hilo haragwe halikunionyesha."

Ni kweli, nami nilimkubalia. Haragwe halionyeshi hivyo. Tusiwadanganye vijana kwa kugeuza rula kuwa mahubiri. Nimesikia wahubiri wakisema kwamba dunia imewekwa mahali pake hasa, si karibu mno na jua wala si mbali mno, na kwamba jambo hilo peke yake lamaliza ubishi. Mimi humshukuru Mungu kwa mahali hapo, lakini siwezi kumwambia mhasibu kwamba ndiyo hati yake ya malipo. Imani yetu kwamba tunahesabiwa haikutoka katika vipimo. Ilitoka Bethlehemu, ambayo nayo ilikuwa kijiji kidogo, na ilitoka katika msalaba na kaburi tupu. Mtu atayapokea hayo au hatayapokea kwa sababu nyingine. Ninalodai ni dogo: kama haragwe halina ushahidi wa kuniunga mkono, basi halikuwa na ushahidi wa kunipinga pia. Nililibebesha ushahidi lisiokuwa nao, mbele ya mtoto aliyefiwa.

Tena habari hii si mpya, kama wanavyodhani vijana. Yeye aliamini kwamba wazee wa kale walisali kwa sababu hawakujua udogo wao, na kwamba darubini imewafumbua macho wajukuu. Lakini Ptolemy, mtaalamu wa Aleksandria huko Misri, katika karne ya 2 aliandika waziwazi kwamba dunia ikilinganishwa na mbingu ni kama nukta. Kitabu chake kilisomwa miaka zaidi ya elfu moja, na Wakristo na Waislamu, watu waliosali mara nyingi kuliko sisi. Na aliyeitunga Zaburi ya 8 hakuwa na darubini wala namba. Alitazama tu mwezi na nyota, kama mvuvi yeyote, akaona udogo wa mtu, akashangaa kwamba mtu huyo anakumbukwa. Angalieni: udogo kwake ndio uliozaa mshangao huo. Namba zile zile zaweza kumfanya mmoja aseme "si kitu" na mwingine aseme "kumbe nakumbukwa!" Basi tofauti haimo katika namba.

Yuko pia kijana mmoja Mwingereza ninayempenda, Jeremiah Horrocks. Alipiga hesabu akajua kwamba Zuhura itapita mbele ya uso wa jua siku ya Jumapili, tarehe 24 Novemba 1639 kwa kalenda ya kwao wakati huo. Alikuwa na umri wa miaka ishirini au ishirini na moja. Akaelekeza nuru ya darubini yake juu ya karatasi, akangoja tangu asubuhi. Mchana aliiacha darubini kwa shughuli alizoziona kuwa kubwa zaidi, na wengi huamini zilikuwa ibada za Jumapili. Aliporudi, mawingu yalifunguka, na doa dogo jeusi la Zuhura lilikuwa tayari limeingia. Kwa doa lile aliukadiria umbali wa jua kuwa maili milioni 59. Hakuufikia ukweli, ambao ni maili milioni 93, lakini aliukaribia kuliko karibu wote waliomtangulia. Alikufa mwaka 1641, akiwa na miaka ishirini na miwili tu. Simtaji ili kusema kwamba wapima nyota wote ni waumini; wengi si waumini, na vipimo vyao ni sahihi vilevile. Namtaja kwa sababu mtu aliyeupanua ulimwengu machoni pa watu wake hakuona kwamba siku ile amepunguziwa sababu ya kwenda kusali.

Na hapa kwetu Liuli liko kaburi la Arkidiakoni William Percival Johnson, aliyefariki mwaka 1928 baada ya kuzunguka vijiji vya ziwa hili zaidi ya miaka arobaini, na sehemu kubwa ya miaka hiyo macho yake yalikuwa yameharibika. Wazee walitusimulia jinsi alivyoshuka mahali penye vibanda vichache tu. Kwa kipimo cha ramani, vijiji vile havikuwamo. Ziwa lina urefu wa kilometa 560 na zaidi, na mtu asiyeona vizuri angeweza kusema kwamba nukta zile hazina haja.

Nilimwomba kijana msamaha. Nilimwambia, "Vipimo nilivyokufundisha vishike, ni kweli. Sentensi ya mwisho nirudishie." Akainama, akafikiri, akasema, "Mwalimu, nimekaa nayo miaka mingi, haitoki mara moja." Nikasema sawa. Kisha akaniuliza jina la mdogo wake kama nalikumbuka. Nilikuwa nalikumbuka, maana nilimfundisha kusoma darasa la kwanza: alikuwa hodari wa kuhesabu, na herufi ya "s" aliiandika kinyume. Nikamwambia hayo. Alikaa kimya muda mrefu kuliko lile darasa la mwaka 2009.

Sasa niwape tangazo, kwa idhini ya Padri. Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, saa 2 asubuhi, tutalitembea tena somo lile kuanzia mlango wa kanisa, vijana na wazee, kila atakayeweza. Duara la manjano litashonwa na kina mama wa Umoja wa Akina Mama. Aliye na boga la sentimeta 14 alete. Nahitaji pia kamba ya mita 50 isiyovutika, choroko, mbaazi na balungi, maharage ninayo. Safari hii tutafika mpaka mwisho, kilometa nne na nusu, kwa hiyo watoto wadogo waje na maji ya kunywa na kofia. Mwishoni sitasema neno. Atakayetaka kuuliza ataniuliza njiani tukirudi.

Kijana wangu ameandika kwamba atakuja kutoka Songea. Hakusema kama Jumapili yake ataingia kanisani, nami sikumwuliza. Ameomba abebe Neptuni.